Papa Onésime Bauma, Aliyekataa Kumtoa Mwanamke Katika Picha ya Kiongozi

Wasifu huu unasomwa na binti yake wa kwanza, Héritière, Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, mbele ya jeneza, kwa ruhusa ya wazee wa familia na ya mjane. Uliandikwa kwa maagizo ya marehemu mwenyewe. Mwenye kuona unamchoma, ajue kwamba marehemu alijua utamchoma.

Onésime Bauma Mukanirwa alizaliwa tarehe 11 Aprili 1969 karibu na Nyabiondo, katika milima ya Masisi. Baba yake alikuwa Papa Dieudonné Mukanirwa, mkulima mwenye ng'ombe wachache, na mama yake alikuwa Mama Rosine. Kwa tumbo la Mama Rosine walitoka watoto sita. Wanne walikufa wakiwa wadogo. Walibaki wawili, wa kwanza na wa mwisho: Onésime, na Ruffin, aliyemfuata baada ya miaka kumi na miwili.

Mama Rosine alipenda kusimulia habari ya mtamba. Onésime alikuwa na miaka tisa, na tayari alikuwa akichora nyuso za ng'ombe kwa makaa kwenye ukuta wa jiko, kila mmoja na sura yake, na watu wakipita waliwataja majina. Siku hiyo mtamba mmoja alileta ugomvi kati ya Papa Dieudonné na jirani. Baba akamchukua mtoto awe shahidi mbele ya mkubwa wa kijiji, na njiani akamfundisha: "Ukifika, useme ni wetu." Mtoto alifika. Akamzunguka yule mnyama mara mbili, akamgusa paji la uso, akasema, "Hapana, muzee. Wa kwetu iko na baka jeupe linashuka mupaka ku pua. Huyu, la kwake linaishia ku macho." Watu wakacheka, mtamba akaenda kwa jirani. Papa Dieudonné alimchapa njia nzima ya kurudi, mpaka katikati ya mlima akachoka, akaketi juu ya jiwe, naye akaanza kucheka. "Mungu amenizalia shahidi wa adui yangu," alisema. Hakumpeleka tena kwenye kesi yoyote.

Alisoma shule ya msingi Nyabiondo kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Aliendelea na sekondari Masisi, akafika mwaka wa nne. Mwaka 1985 Papa Dieudonné alifariki, na hakukuwa na mtu wa kumlipia masomo. Onésime alikaa mwaka mmoja kwenye shamba la mama yake, akaona kwamba jembe na yeye hawaelewani. Mwezi wa Septemba 1986 alishuka Goma ndani ya lori la maharagwe, akapokewa na shangazi yake mtaani Majengo.

Kazi alipewa na Muzee Idriss, mpiga picha wa Birere, ambaye wazazi wake walitoka Maniema na biashara. Mwaka mzima wa kwanza Onésime alifagia na kuchota maji ya kuoshea picha. Mwaka wa pili aliingizwa kwenye chumba cha giza. Muzee Idriss hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha kunyoosha mkono usitetemeke, kusubiri mtu achoke kujifanya ndipo abonyeze, na kutunza filamu ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa muchele mkavu ili unyevu usiile. Jambo moja alilirudia kila juma. "Mutu akikuletea uso wake, ni amana. Usimuongezee, usimupunguzie." Onésime alifanya kazi kwake miaka kumi na tano, na mpaka siku Onésime mwenyewe alipokufa alimwita Papa.

Mwaka 1999 vita vilipozidi milimani, Onésime alimleta Ruffin Goma. Ruffin alikuwa na miaka kumi na minane, hana viatu. Onésime alimpa kitanda chake, yeye akalala chini. Alimlipia sekondari mpaka akapata diploma. Baadaye aliuza pikipiki yake ili Ruffin aende Bukavu kusomea kompyuta na mashine za kuchapa. Haya hayaandikwi ili kuhesabu wema. Yanaandikwa kwa sababu kuna watu Goma wanaosema Ruffin alijilea mwenyewe.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa moto Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukaimeza studio ya Birere pamoja na mtaa wake. Muzee Idriss alitoka na Kurani na saa ya ukutani. Onésime alitoka na kamera moja na kopo la filamu. Walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na siku ya tatu wakarudi, kama nusu ya mji ilivyorudi, ingawa ule moto uliokuwa umeganda kuwa mawe ulikuwa bado unatoa moshi.

Jumamosi tarehe 26 Januari alifika Goma Muzee Kitwana, yule ambaye nchi nzima ilikuja kumwita kiongozi wa taifa. Wakati huo hakuwa na ofisi wala walinzi. Alikuwa mzee mmoja aliyezunguka nchi iliyokatika vipande, akiwaomba wenye bunduki waketi meza moja. Alisikia Goma imeungua, akaja kuwapa watu pole. Alitaka kuvuka mawe aende kuwaona waliokuwa upande wa pili, lakini alikuwa amevaa viatu vya mjini, na hatua kumi tu soli zikaanza kunuka.

Nyuma yake alikuwa akija msichana mwenye beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani. Wanawake wauza samaki ndio waliokuwa wamejifunza njia ile kabla ya mtu yeyote, jiwe kwa jiwe. Akapiga kelele, "Papa, pale usikanyange! Ndani ingali moto! Kanyanga fasi miye nakanyanga. Leta mukono."

Mzee akatoa mkono. Msichana akaushika, akatangulia, beseni halikuyumba. Onésime alikuwa amesimama mbele yao, akabonyeza mara moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa inaisha. Katika picha ile mzee anatazama miguu yake kwa woga, kama mtoto. Msichana anatazama mbele. Mkono wa mzee umefunikwa ndani ya mkono wake.

Msichana huyo ndiye Mama Perpétue, mjane aliyeketi hapa mbele yenu. Onésime alimtafuta siku kumi na moja kumpa nakala yake. Alipoiona, hakufurahi.

"Kitambaa yangu ya kichwa imepinda," alisema. "Hauwezi kuinyoosha?"

"Ilikuwa imepinda."

"Ata uongo kidogo hauwezi kunifanyia?"

"Hapana."

Perpétue aliwaambia dada zake kwamba ameonana na mwanaume asiye na adabu. Juma lililofuata alipita mara tatu mbele ya kibanda ambacho Onésime alikuwa amejijengea Majengo juu ya mawe mapya, na mara ya tatu alisimama, akauliza kama anakula sambaza. Walifunga ndoa kanisani Majengo, Jumamosi tarehe 12 Julai 2003. Mungu aliwapa watoto wanne. Waliishi miaka ishirini na moja wakibishana kila siku, na hakuna siku waliyolala bila kusemezana.

Kibanda kilikua kikawa nyumba ya kuchapa. Onésime na Ruffin, aliyekuwa amerudi kutoka Bukavu, walichapa kalandari, mialiko ya harusi, mabango ya turubai ya kanisa, na picha za marehemu. Kwa picha za marehemu Onésime alikuwa na sheria ngumu. Familia ikisema mfanye awe mnene kidogo, mtoe lile kovu, alikataa, na wengine waliondoka wamekasirika. Wengi wao walirudi. Mama mmoja alirudi baada ya mwaka, akasema kwa mchapaji mwingine walimpa mume mzuri sana, lakini watoto walimuuliza ni nani.

Muzee Kitwana alipanda. Alishika madaraka makubwa ya nchi, akayaacha kwa mikono yake, jambo ambalo wengi hawajaliona kwa wengine. Alifariki tarehe 3 Juni 2022. Goma ililia kweli. Siku hiyo hiyo Onésime alitoa ile filamu ndani ya muchele, akachapa picha ya ukumbusho, mzee na msichana juu ya mawe ya moto, na watu wa Majengo waliitundika sebuleni. Muzee Kitwana wao walimjua hivyo, kama mtu aliyekubali kushikwa mkono.

Sasa wasifu unafika mahali ambapo wengi waliokuja leo wangependa uruke. Hautaruka.

Mwezi wa Machi 2023, mheshimiwa anayeitwa Honorable Jephté alianzisha Kamati ya Ukumbusho, ili kuadhimisha mwaka mmoja wa kifo cha kiongozi. Alifika Majengo na watu wawili ndani ya gari la jipu. Alitaka picha elfu ishirini, za shule, za ofisi na za masoko. Hakuna mchapaji wa Goma aliyewahi kupata kazi kama hiyo. Alichukua picha ukutani, akaitazama sana.

"Kazi nzuri, Papa Onésime. Lakini huyu mama, anafanya nini mu foto ya Muzee?"

"Anamushika asiungue."

"Munamutosha, atoke kabisa. Fasi yake munaweka miye."

Onésime alidhani ni mchezo. "Honorable, siku ile haukukuwa pale."

"Nilikuwa pale kwa roho."

"Roho haipigwe foto."

Wale watu wawili walicheka kabla hawajajizuia. Onésime alisema baadaye kwamba kicheko hicho ndicho kilichomponza, si kukataa. Honorable alirudisha picha ukutani taratibu. "Batu bakubwa banakuomba kitu kidogo," alisema.

"Sitamutosha," Onésime alijibu. "Kwanza ni bibi yangu. Na ata asingekuwa bibi yangu."

Jipu liliondoka. Ruffin, aliyekuwa kwenye kompyuta muda wote huo bila kuinua kichwa, ndipo akamwambia kaka yake. "Yaya, ni kazi tu. Tungejenga nyumba. Foto ni karatasi."

"Perpétue si karatasi."

"Atakufa mu hiyo foto? Ataumia wapi?"

"Muulize yeye," Onésime alisema. Ruffin hakumuuliza.

Jumapili tarehe 23 Aprili ilikuwa sikukuu ya kwaya, na familia yote ilikwenda kanisani. Ruffin alisema kichwa kinamuuma. Alikuwa na ufunguo. Alishusha kopo juu ya kabati, nyuma ya kalandari za zamani, mahali palipojulikana na watu watatu tu duniani: Onésime, Perpétue na yeye. Alitoa filamu, akaipitisha kwenye mashine ya kunakili, akairudisha ndani ya muchele. Familia ilirudi kutoka kanisani ikamkuta amelala, na Mama Perpétue akampikia uji wa mgonjwa. Wiki mbili baadaye alihama, akafungua nyumba yake ya kuchapa katikati ya mji.

Tarehe 3 Juni 2023 mji uliamka umejaa picha. Zilikuwa shuleni, sokoni, kwenye nguzo za barabara ya Sake kupita Lac Vert, na njia nzima ya Rumangabo. Muzee Kitwana juu ya mawe ya moto, na kando yake Honorable Jephté katika suti, anamwongoza.

Mama Perpétue aliiona akiwa ameketi sokoni nyuma ya beseni lake. Mwenzake wa meza ya jirani, Mama Marie-Claire, aliiona naye. "Mama Perpétue," alisema, "miaka yote unatuambia ni weye ulimushika Muzee. Kumbe ilikuwa Honorable?" Wengine wakageuka. Kulikuwa na waliocheka, kwa sababu sokoni mtu akianguka hucheka kwanza. Mama Perpétue, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani, siku hiyo alianza kukusanya samaki wake.

Mama Marie-Claire ndiye aliyesogea karibu na karatasi. "Ngojeni," alisema. "Lakini huyu Honorable iko na mukono ya nani?"

Ruffin alikuwa ameweza kuondoa uso, kitambaa, beseni na miguu. Ule mkono ulimshinda. Vidole vya mzee vilikuwa vimeshikana nao sana, asingeweza kuvitenganisha bila kumharibu mzee mwenyewe. Akaacha mkono, akauunganisha na suti. Ulikuwa mkono mwembamba wa msichana, na kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na kovu la mafuta ya kukaangia samaki, kovu ambalo kila mama wa soko lile analijua. Mama Marie-Claire alimvuta Mama Perpétue, akauweka mkono wa mwenzake kando ya karatasi.

Goma ilicheka siku nne. Watoto walimwita yule mheshimiwa Mama Jephté, na jina limemganda.

Onésime hakucheka. Héritière anakumbuka kwamba alikaa kitini mchana mzima, kopo magotini, akichambua muchele kwa vidole kama mtu anayetafuta mawe. Halafu alichapa picha ya kweli, kubwa kama mlango, akaitundika nje ya nyumba ya kuchapa. Hakuandika neno. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kuitazama. Mama Perpétue alimwambia aishushe. "Batakuua," alisema. Akamjibu kwamba miaka ishirini iliyopita alikataa kunyoosha kitambaa chake, sasa atakubali wanyooshe mtu mzima?

Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa nne asubuhi, wanaume saba wenye bunduki waliingia. Walivunja fremu za kuchapia, wakamwaga wino juu ya mawe, wakachukua kamera. Walimwita adui wa taifa. Lakini walikuwa wanatafuta kitu, na hawakukiona. Ndipo mmoja akatoka nje na kurudi na Ruffin.

Ruffin alinyoosha kidole juu ya kabati.

Walimwaga muchele sakafuni. Filamu ilichomwa kwa kiberiti mbele ya macho ya mwenyewe, na Onésime alipojaribu kuizima kwa mikono walimpiga kwa vitako vya bunduki mbavuni. Walimchukua. Alikaa siku tisa kwenye chumba chenye maji sakafuni. Hakushitakiwa kwa kosa lolote na hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Tarehe 28 Juni walimfungulia mlango, wakamwambia aende. Mama Perpétue alimkuta kando ya barabara anatembea ameinama upande mmoja. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Picha bado iko mu nyumba za batu. Hawawezi kuingia zote."

Tangu hapo hakupona. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na kifua kilijaa maji. Alilazwa mara nne katika miezi kumi na minne. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza na familia inawashukuru kwa moyo. Mama Perpétue aliuza sambaza asubuhi, akashinda hospitalini mchana, akiwa na harufu ya samaki ambayo wagonjwa wengine walilalamikia, na Onésime akawaambia ndiyo dawa yake.

Alipokuwa na nguvu alijifunza kuchora tena. Alichora kwa kalamu ya risasi wagonjwa wa chumba chake, na mzee mmoja wa Sake aliyekatwa mguu alimwomba amchore na miguu yote miwili. Onésime alifikiri sana. Kisha akamchora kuanzia kiunoni kwenda juu. Mzee aliridhika.

Jumapili tarehe 18 Agosti 2024 Ruffin alifika hospitalini na mfuko wa machungwa. Alipiga magoti kando ya kitanda. Héritière alikuwapo, na anaandika aliyoyasikia.

"Yaya, nisamehe."

Onésime aliuliza, "Umekwisha kumuomba Perpétue?"

"Bado."

"Anza kwake. Halafu usimame kanisani, useme mbele ya batu: mutu alikuwa mu ile picha ni nani, na nani alimutosha, na nani alionyesha kopo. Siku utasema vile, njoo tule haya machungwa pamoja."

"Yaya, wale batu bataniharibia kila kitu."

"Najua. Banaweza. Miye pia baliniharibia."

Ruffin alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo wasifu haulikatai. Aliahidi kusema Jumapili itakayofuata. Jumapili hiyo familia ilikaa kanisani mpaka mwisho. Ruffin hakuja. Alhamisi iliyofuata, nyumba yake ya kuchapa ilipokea mashine mpya kutoka kwa Kamati. Onésime alipoambiwa, aliomba machungwa yagawiwe wagonjwa wengine. Yalikuwa yameanza kuoza.

Siku tatu kabla ya kufa alimwita Héritière, akamwambia achukue daftari. "Ni weye utaandika wasifu," alisema. "Batakuomba unipake rangi. Usinipake. Kulikuwa siku nilikuwa mukali bure, andika. Shahada sikuwa nayo, andika. Na kuhusu Ruffin, batakuambia useme nilimusamehe, sababu kwa maziko banasema vile kila mara. Sikumusamehe. Nilimungojea, hakukuja."

Héritière aliuliza kama angeweza kusema tu kwamba alimwachia Mungu. Baba yake alifikiri, pumzi ikimpiga. "Mungu atafanya yake. Weye andika ya kwangu."

Basi na yaandikwe. Alikuwa mkali bure mara nyingi. Aliwahi kumfukuza mteja kwa kuguna. Alimchapa mwanawe Honoré kwa kuchora masharubu juu ya kalandari, kisha akaitundika ile kalandari chumbani kwake. Hakujua kuimba, na kanisani aliimba kwa nguvu.

Alifariki Jumapili tarehe 8 Septemba 2024, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na mitano. Alikuwa ameomba chai kavu, akanywa nusu kikombe, akasema ina sukari nyingi. Mama Perpétue alikwenda kuleta nyingine. Aliporudi, Héritière alikuwa amemshika baba yake mkono.

Jumanne, kwenye matanga, Kamati ya Ukumbusho ilileta shada la maua pamoja na picha yake ile ile ya uongo, ndani ya fremu ya kioo, ili iwekwe kichwani mwa jeneza. Ilisemwa kwamba ni heshima ya taifa kwa mchapaji wake. Aliyeibeba kutoka kwenye jipu hadi uani alikuwa Ruffin.

Mama Perpétue aliinuka kutoka kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Aliweka mkono wake juu ya kioo, kando ya mkono uliochapwa.

"Ruffin. Mbele ya bazee na mbele ya yaya wako mu sanduku: huu mukono ni wa nani?"

Ruffin alitazama mkono. Alitazama jipu, ambalo dereva alikuwa hajazima injini. Kinywa kilifunguka.

"Mama," alisema, "tuzike kwanza."

"Nakuuliza mara ya pili."

Ruffin alitazama jipu tena. Mjomba wa marehemu, mzee wa familia, ndiye aliyemaliza. Alisema shada lipokelewe, kwa kuwa maua hayana kosa, na picha irudi ilikotoka. Ilirudishwa kwenye jipu imegeuzwa uso chini. Kisha alitamka kwamba Ruffin atasimama makaburini pamoja na watu wote, ila hatashika udongo wa kumzika kaka yake. Wazee wote walikubali, na mjane alikubali. Honorable Jephté alituma ujumbe kwamba angependa kusema maneno machache leo. Kama yuko hapa, abaki, makaburi ni ya watu wote. Kipaza sauti hatapewa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Perpétue. Watoto wanne, Héritière, Honoré, Bénédicte na Rosine. Mzee wake wa kazi, Muzee Idriss, mwenye miaka themanini na tisa, aliyeletwa hapa kwa kiti. Wapwa wa upande wa mjane, majirani wa Majengo, na akina mama wa soko waliofunga meza zao leo ili wamsindikize.

Ameacha pia ndugu mmoja wa tumbo moja, Ruffin. Héritière hakutaka kuandika jina hili, na marehemu ndiye aliyemlazimisha. "Ni ndugu yangu," alisema. "Ukimutosha, utakuwa umefanya kama yeye."

Mungu ampokee Onésime Bauma kama alivyo, na ampe pumziko.